Kinanda cha Kidole Kimoja

Kache Jefwa alikuwa fundi wa kompyuta mjini Malindi, na hakujua kutulia kazi ikimshinda. Wiki ile kilichomshinda kilikuwa ukurasa wa mtandaoni wenye picha ya kinanda. Mamake, Everlyne, mpiga kinanda wa kanisa huko Marafa, alikuwa akiutumia kufanyia mazoezi kwenye tableti tangu kinanda cha kanisa kilipoingiwa na maji ya mvua.

"Mwanangu, hiki kinasikia kidole kimoja tu," mama alilalamika. "Napiga kama kuku anayedonoa mtama."

Ukurasa ulikuwa wa watu wengine, hivyo Kache hakuweza kuubadilisha. Akaamua kuandika programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari, ya kuufahamisha ukurasa kila kidole kinachogusa kioo. Aliandika, akafuta, akainuka, akazunguka meza, akarudi. Siku ya nne sauti tatu zikalia pamoja, lakini alipoinua vidole, moja ikaendelea kulia bila kukoma. Akaizima tableti yake ya majaribio kwa hasira, akatoka hadi barabarani, kisha akageuka ghafla. Programu ilijua kuwa kidole kimeinuka, ila haikujua ni kipi! Akarudi mbio, akakipa kila kidole namba yake.

Jumamosi alimpelekea mamake programu hiyo. Everlyne akapiga wimbo mzima wa Pasaka kwa mikono miwili, amefumba macho. Kache alisimama mlangoni akitafuna kucha, akisubiri sauti ikwame. Haikukwama.

"Njoo ukae, mwanangu."

"Nakuja, mama," alijibu, lakini hakuketi mpaka wimbo ulipoisha mara ya pili.