Goti la Mama Basil

Wifi yangu Dorothy, ambaye Masasi nzima humwita Mama Basil, hajui kukaa. Mpe kiti, atakushukuru, kisha atakiacha hapo hapo. Tangu nilipoolewa na kaka yake sijamwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Ndiyo maana goti lake la kulia lilichakaa mapema, akaenda Dar es Salaam kuwekewa la bandia. Aliporudi alitembea kwa maringo hadi nikamwambia kilichobadilishwa ni goti, siyo umri.

Mwaka jana, katikati ya msimu wa korosho, goti hilo likavimba na kupata moto. Hofu ikatuingia. Goti la bandia likiingia wadudu si jambo la kumeza vidonge na kulala. Hufunguliwa, na pengine hung'olewa kabisa. Na Desemba ya mwaka huo huo mjukuu wake Gift, binti wa Basil, alikuwa atolewe unyagoni kule Newala. Kungwi wake ni nani? Dorothy. Hakuuliza kama atapona. Aliuliza kama atacheza.

Sasa sisi huku tuna desturi yetu. Mtu haendi hospitali hivi hivi, anatanguliza kwanza rangi mbili, vile vidonge vya dukani vya kuua wadudu, kama unavyofagia uwanja kabla mgeni hajafika. Dorothy akafagia. Alimeza kwa siku kadhaa, goti likatulia kidogo, ndipo tukaondoka kwenda hospitali.

Daktari Julia, binti wa kutoka Lukuledi mwenye mikono mitulivu, alimwamkia shikamoo, akachoma sindano gotini, akavuta maji na kuyapeleka maabara pamoja na damu ili waone kama kuna mdudu atakayeota. Akamuuliza kama alikuwa ametumia dawa yoyote. Dorothy akajibu hapana, macho makavu. Kwa akili yake hakusema uongo: dawa ni ile anayoandika daktari.

Majibu yakaja kwamba hakuna mdudu aliyeota. Wifi akaanza kujifunga kanga vizuri tayari kwa safari ya nyumbani. Daktari lakini hakutabasamu. Alisema vipimo vya damu vinaonyesha kuna jambo, na kama maji ya goti hayasemi ni jambo gani, itabidi ampeleke Dar es Salaam afunguliwe waangalie ndani. Dorothy akaketi. Mwanamke ambaye hata chai huinywa amesimama, akaketi mwenyewe bila kuambiwa, nami moyo ukaniuma.

"Daktari," nikasema, "alikunywa rangi mbili kabla hatujaja."

Wifi alinitazama kana kwamba nimemvua nguo sokoni.

Daktari Julia alicheka hadi akavua miwani. Kisha akatueleza taratibu kwamba vidonge vile haviwamalizi wadudu waliojibanza kwenye chuma, vinawalegeza tu wasiote maabara. Kwa hiyo yale majibu ya kwanza hayakuwa majibu. Aache vidonge, apumzishe goti, baada ya wiki kadhaa achomwe tena. Na akipata homa, au goti likizidi, aje siku hiyo hiyo. Safari ya Dar es Salaam ingesubiri.

Wiki zile nilimtumikia mimi. Nilimnyang'anya ndoo nikawa naokota korosho zake, naye amewekwa kwenye kiti kwa nguvu, amenuna, hanisemeshi. "Mwambieni mke wa kaka yangu ameacha mbili pale kwenye majani," alikuwa akisema, na shambani tuko wawili tu. Nilizifuata nikicheka kimoyomoyo. Uvimbe ukawa unapungua, na kila asubuhi niligusa goti lile kwa mgongo wa mkono kabla hajaniondolea mkono.

Tuliporudi, daktari alivuta maji tena, na safari hii maabara waliyaweka muda mrefu.

"Mama Basil, sasa naamini," alisema alipotuita. "Hakuna wadudu, na damu imetulia. Kilichokuumiza ni kuchuchumaa chini ya mikorosho kutwa nzima. Goti linabaki."

"Na ngoma?"

"Cheza. Ila usichuchumae wala kuruka."

Nililia pale pale, bila aibu. Dorothy hakunitazama.

Kule Newala, Gift alitolewa akiwa na kanga mpya, uso unang'aa mafuta, na bibi yake akatangulia mbele. Alicheza kwa mabega na kiuno, miguu ikienda kwa adabu kama alivyoagizwa, huku akiimba wimbo alioutunga mwenyewe: mwali, ukifika kwa daktari, taja kila ulichomeza. Kina mama wakapokea kwa vigelegele, na Basil akacheka hadi akashika ukuta. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na wapika pilau. Dorothy akalipasua kundi, akaja moja kwa moja, akanishika mkono wenye moshi na kunivuta katikati.

"Cheza, wifi," akasema. "Nusu ya goti hili ni yako."

Nikacheza hadi mvua ikatukuta uwanjani.