Damu ya Jabiri

Mwanaasha binti Shomari alijua kwamba mtaa ulikuwa umekwisha kumzika mumewe, ingawa Jabiri alikuwa angali akilala naye kitanda kimoja.

Hiyo ilikuwa enzi ya Mwingereza, Tandale ikiwa nusu mji nusu mashamba. Jabiri alikuwa fundi wa kukandika nyumba. Udongo wake aliuchimba bondeni na kuukanda kwa nyayo tupu, mahali palepale ambapo majirani walijisaidia kwa uvivu wa kuchimba vyoo. Uvivu huo hakuna aliyeuita dhambi.

Mwaka ule uso wake ulivimba. Viganja vikawa vyeupe kama unga wa muhogo, na kutoka mlangoni hadi kisimani alipumzika njiani kama mzee. Kibaya zaidi, alianza kubandua udongo ukutani na kuula. Mwanamke mjamzito akila udongo hakuna anayeshangaa, lakini mwanamume? Alfajiri Mwanaasha alisikia meno yakisaga mchanga nyuma ya nyumba, polepole, kama mnyama anayecheua.

Jirani yao Bi Chausiku ndiye aliyelitaja neno hilo: msukule. Alisema Jabiri wa kweli amechukuliwa, analimishwa shamba la mtu huko Kibamba, na huyu aliyebaki ni gogo la mgomba lililovikwa sura yake.

"Shoga, huniamini?" alimwambia. "Mguse miguu akilala. Kisha uniambie kama umelala na mtu."

Mwanaasha alimgusa. Miguu ilikuwa baridi kama mtungi.

Wazee wakaamua mganga aletwe kutoka Kimbiji siku ya Ijumaa, amchanje Jabiri kifuani. Ikitoka damu, ni mtu. Isipotoka, atafukuzwa akaishie porini. Mwanaasha alimtazama mumewe akihema kwa kuinua kata ya maji tu, akaogopa mambo mawili kwa pamoja: kwamba damu isingetoka, na kwamba ingetoka ile kidogo iliyobaki.

Alhamisi asubuhi alimshika mkono wakaenda zahanati. Dresa wa pale aliyetibu wagonjwa, Theonest, Mhaya wa Bukoba, alimkalisha Jabiri kwenye benchi na kumtoboa kidole; Jabiri akaguna kwa maumivu. Mwanaasha alifumba macho. Alipoyafumbua, tone lilikuwa limejitokeza, jepesi, rangi ya maji yaliyooshewa nyama. Theonest alilifyonza kwa karatasi, akalilinganisha na kadi yenye madoa yaliyoanzia jekundu zito hadi lililofifia. Tone la Jabiri lilikaa karibu na la mwisho. Tone jingine alilipaka kwenye kioo na kulichunguza kwa hadubini.

"Yu hai?" Mwanaasha aliuliza.

"Mama, nimeona maajabu mengi, lakini maiti anayelalamikia sindano bado," Theonest alisema. Kisha akaacha mzaha. "Chembe zake nyekundu ni ndogo, na katikati zimepauka kama sahani tupu. Ndizo zinazobeba pumzi mwilini, ndiyo maana anahema, ndiyo maana miguu ni baridi. Lakini damu pungufu inatuambia kuna mwizi tu, haituambii ni nani. Niletee choo chake, hicho ndicho kitakachomtaja."

Choo kilimtaja. Kilijaa mayai ya minyoo ya safura, inayoingia kwa nyayo na kunyonya damu tumboni, hadi mwili unaishiwa madini ya chuma ya kutengenezea nyingine. Hata ile hamu ya udongo, Theonest alieleza, mara nyingi huja na upungufu huo. Alitoa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma, akaagiza wachimbe choo.

Ijumaa mganga alipofika, Mwanaasha alisimama mlangoni akawaambia kwamba mumewe amekwisha kutobolewa na damu imetoka. Mganga aliondoka akinung'unika kwamba hata msukule anaweza kuwa na damu ya kuazima.

Neno hilo ndilo lililobaki mtaani. Miezi ilipopita na viganja vya Jabiri vikarudiwa na wekundu, watu hawakufurahi. Walivitazama viganja hivyo, wakajiuliza vimeupata wapi wekundu. Na wakati huohuo Tatu, binti wa Bi Chausiku, alianza kuvimba uso.

Jioni moja Bi Chausiku alikuja na Tatu mgongoni, wanaume kadhaa wakiwa nyuma yake. Hakubisha hodi.

"Mwambie amrudishie mwanangu damu yake."

Mwanaasha alimsogelea mtoto, akamvuta kope la chini taratibu, kama alivyoona ikifanywa zahanati. Ndani palikuwa peupe kama karatasi. Ufizi ulikuwa na chembe za udongo.

"Damu yake haiko kwa mume wangu," alisema. "Kesho twende wote, nikuonyeshe ilipo. Nikikudanganya, walete hao wanaume."

Bi Chausiku alikwenda, si kwa imani bali kwa kutaka kumfumania Mwanaasha akidanganya. Theonest alichunguza choo cha mtoto, akampisha mama yake kwenye hadubini. Mwanamke yule aliinama, akayaona mayai yaliyotulia kwenye mwanga, mamia, yakingoja.

"Na haya," aliuliza hatimaye bila kuinua uso, "yako kwangu pia?"

"Kwanza tuone kama kuna mwizi," Theonest alisema, akamwomba anyooshe kidole.