Ubatizo wa Kwenda na Kurudi

Miaka ya sabini nilikuwa tanboi wa lori pale Malaba, yaani yule msaidizi wa dereva anayepanda juu ya mzigo, anayefunga turubai na kutukanwa. Nilikuwa pande la mtu na sikuogopa chochote ila maji. Kwetu Amukura maji tuliyajua ya mtungini, na yakikaa humo hayana ubaya na mtu.

Kwa hiyo nilipookoka, wokovu wenyewe haukunisumbua. Pombe niliacha. Matusi niliyapunguza, ingawa turubai likinikatalia bado yalinijia yote mdomoni. Kilichoninyima usingizi ni kwamba kanisa letu lilibatiza kwa kuzamisha mtu mzima mtoni. Nilimwomba mchungaji anipunguzie, anitie kikombe kimoja kichwani tuyamalize. Akasema Yesu hakubatizwa kwa kikombe. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Yeye ni mtu wa Rukala, ambako mafuriko huingia nyumbani bila kubisha hodi, na alijua kuogelea kabla hajajua kufagia.

Jumapili ikafika, tukateremka hadi Mto Malaba, ambao ndio mpaka: upande huu Kenya, ule Uganda. Nilivaa kanzu nyeupe ya kuazima. Mchungaji, mtu mdogo mwembamba, alinishika shingo na kiuno, akasema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana," akaanza kunilaza chali. Maji yaliponigusa pua, nikampiga teke.

Sikukusudia. Yeye alianguka upande wake, mimi wangu, kanzu ikajaa hewa, nikaanza kwenda na mto nimefumba macho na kurusha mikono. Washirika wakadhani nimejazwa Roho, wakazidisha pambio na makofi. Niliposhika nyasi nikajiburuta juu, nikafumbua macho, na kuona kanisa langu lote liko ng'ambo.

Nilikuwa Uganda.

Karibu nami mama mmoja alikuwa akifua nguo. Alinitazama kuanzia kanzu hadi vidole vya miguu.

"Ssebo," akasema kwa upole, akiniita bwana kwa Kiganda, "wewe nakuja kwetu na gauni?"

Niliingiwa na hofu ya kweli. Enzi zile wanajeshi ndio waliotawala upande huo, na darajani kulikuwa na askari wenye bunduki. Ningewaambia nini, sina kitambulisho na nachuruzika maji? Njia ya kurudi ilibaki moja tu, hiyo hiyo iliyonileta. Mchungaji alikuwa amesimama tena mtoni, akikohoa.

"Ndugu, rudi," akaita. "Roho Mtakatifu bado sijamtaja."

Nikakaa kwenye nyasi. Nilimkasirikia yeye, nikaukasirikia mto, nikaikasirikia hata Yordani yenyewe. Mke wangu akasogea ukingoni, mikono kiunoni. Sasa hakuwa akicheka.

"Baba watoto," akasema, "hiyo maji iko kwa kiuno tu. Simama na miguu."

Kwenye maombi nilikuwa nimejifunza sala ndefu, zile za kupanda na kushuka, kwa kuwaiga wazee. Zote zilinitoroka. Nilisema, "Mungu, nishike," nikatia mguu. Tope lilinimeza hadi vifundoni, halafu nikakuta chini pagumu. Nikapiga hatua nyingine. Maji yalipanda hadi kiunoni, kama alivyosema mke wangu, yakakoma hapo. Nikaanza kulia bila aibu, kwa sababu nilikuwa nimeomba, na kweli nilikuwa nimesimama.

Nilipomkaribia mchungaji katikati ya mto, alirudi nyuma kidogo, akiichunga miguu yangu.

"Na la Roho Mtakatifu," akasema akiwa mbali salama.

Hakunigusa. Niliziba pua, nikazama mwenyewe.

Nilipoibuka, yule mama wa nguo alikuwa akipiga vigelegele kule ng'ambo. Wazee wa kanisa walibishana mpaka Krismasi kama nihesabiwe nimebatizwa Kenya au Uganda. Sikuwasaidia. Mimi najua nilibatizwa nikiwa narudi.