Uso Ambao Sikuutazama

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwafunza wengine kumtambua mteja. Na mteja mmoja niliyepaswa kumtambua alisimama mbele yangu, mara nyingi tu, nami nikampitisha kwa heshima zote.

Ushirika wetu wa akiba na mikopo uko Amu, na una tawi dogo Faza. Mimi elimu yangu ni kidato cha nne, basi. Cheo cha afisa wa kanuni nilipewa kwa kuwa nilikuwa mkongwe kuliko wote, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka. Nikapelekwa Mombasa kwa semina ya siku tano, nikarudi na cheti, nikakitia fremu, nikakitundika nyuma ya kiti changu. Kazi yenyewe ilikuwa kuhakikisha kwamba fedha chafu, za unga wa kulevya au za rushwa, haziingii kwetu kisha zikatoka zimetakata kama za mtu aliyevuja jasho.

Wakufunzi walituonyesha picha za nyumba za kamari na kampuni zisizo na ofisi. Nikazibeba picha zile zile hadi Faza, mahali ambapo hata meza ya pool ni moja.

"Akija mteja, mtake kitambulisho," niliwaambia wafanyakazi wa huko.

"Hata mamangu?" akauliza keshia.

"Hata mamako."

"Nimwambie mamangu athibitishe kuwa ni mamangu? Bwana, usiku huo nikalale wapi?"

Wakacheka mpaka projekta ikazimika, maana aliyecheka zaidi aliukanyaga waya. Nilikasirika. Kila mwaka nilikwenda na somo lile lile, wakajibu mtihani ule ule kwa kusomeana majibu, nikawapa alama, nikarudi Amu nikilalamika kwamba watu hawa hawafundishiki.

Sasa niseme la kwangu. Mwaka mmoja, katika mafunzo ya hapa Amu, karani wetu, binti wa Siyu aliyesoma chuo kikuu, aliinua mkono.

"Bwana, wanawake wanaovaa nikabu tunawalinganishaje na picha ya kitambulisho?"

Wanaume wakanigeukia.

"Tukisafishe kile chumba cha mafaili," akaendelea. "Niingie nao mimi, wafunue uso, nione, watoke. Hata dakika haitimii."

"Hapa ni Amu," nikamwambia. "Utawaambia wake za watu wafunue nyuso ofisini?"

"Watanifunulia mimi, si wewe. Mbona arusini twaonana sote, na rangi za midomo twasemana?"

Wanaume wakainamisha vichwa wakicheka. Mimi nikasema, "Tuendelee na somo." Chumba kile kilikuwa na mafaili ya zamani na mapangaboi mawili yaliyoharibika. Hicho ndicho nilichokilinda.

Asiyelelewa kwetu atauliza, kwani ulikuwa huoni? Nilikuwa naona. Lakini tangu utotoni nilifunzwa kwamba mwanamke wa watu akisimama mbele yako, unayainamisha macho. Keshia akiniletea fomu ya kiasi kikubwa, ilinipasa nitoke, nimtazame mteja, kisha nitie alama kwenye kisanduku kilichoandikwa "Nimelinganisha sura na picha." Akiwa mwanamume nilimkodolea macho. Akiwa mwanamke niliitazama fomu, au ubao wa kaunta, nikatia alama.

Mteja yule niliyemtaja mwanzoni alikuja amevaa nikabu, na kitambulisho cha Bi mmoja ninayemheshimu sana, mwalimu wa chuo aliyewasomesha Kurani nusu ya watoto wa mtaa wetu, wangu wakiwemo. Nilipoliona jina, nilijaa furaha.

"Sabalkheri, Bi. Mola akulipe kwa wanangu."

"Alhamdulillahi," akajibu polepole.

Akaweka fedha. Baada ya siku chache akaja kuzitoa. Mwezi uliofuata vivyo hivyo, na uliofuata tena. Fedha nyingi zinaingia na kutoka mbio kwa mwalimu wa chuo: hilo lilikuwa ukurasa wa kwanza wa somo langu! Nami kila mara nilimshukuru kwa kuwasomesha wanangu.

Wapelelezi wawili walipokuja kutoka Nairobi, walikuwa wakimfuata muuza unga, na nyayo zake ziliishia kwenye akaunti ya Bi. Akaunti ikafungwa. Bi akaitwa kituoni. Alipotoka, mji mzima ulishajua. Juma moja halikuisha, watoto wakaondolewa chuoni kwake mmoja mmoja. Hakuna mzazi aliyemtukana. Mmoja alisema mwana ana homa, mwingine alisema wanahamia mtaa wa Mkunguni. Akabaki na majamvi matupu.

Hata baada ya hayo nilinyamaza siku mbili nyingine. Fomu zote zilikuwa na sahihi yangu. Nilijiambia huenda ni yeye kweli, binadamu hubadilika. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndilo nililojiambia.

Siku ya tatu akaja mwenyewe, akizipanda ngazi zetu kwa mkongojo.

"Bwana, nasikia nimekuya hapa na mafurushi ya pesa. Mimi tangu magoti yanishike sijazipanda ngazi hizi. Ni nani aliyekuya?"

Ilikuwa sauti nzito, ya mtu aliyezoea kuwanyamazisha watoto arubaini. Sikuwahi kuisikia pale kaunta.

"Kitambulisho chako huwa nacho nani, Bi?"

"Mke wa jirani. Yeye hunitolea kwa wakala wa simu pesa anazonitumia mwanangu. Kuna ubaya?"

Nikayainamisha macho.

"Na wewe," akasema, "huna mato ya kuonea?"

Alasiri hiyo nilikwenda kwa wapelelezi. Mkubwa wao, kijana mwenye subira, alizipanga fomu mezani.

"Mzee, hapa umeandika ulilinganisha sura na picha."

"Sikulinganisha."

"Alijifunika?"

"Alijifunika. Na lau asingejifunika, pia nisingemtazama."

Akaiweka kalamu chini. "Ngoja. Wewe si ndiye unayewafundisha hawa wengine?"

"Ndiye mimi."

"Sasa niandike nini? Macho mabovu?"

"Andika kwamba sikuifanya kazi yangu na nikatia sahihi kwamba nimeifanya."

Jirani, yule muuza unga, na mkewe walikamatwa. Akaunti ya Bi ikafunguliwa. Mimi nikapewa barua ya kustaafu mapema, na cheo kikaenda kwa binti wa Siyu. Chumba cha mafaili alikisafisha asubuhi moja. Wanawake wakaingia, wakaonyesha nyuso zao, wakatoka wakiongea habari za bei ya samaki. Hakuna aliyelalamika. Asubuhi moja tu!

Lakini majamvi ya Bi yalibaki matupu. Barua ya polisi ya kumsafisha ilikuwa ndani ya bahasha, na nani husoma bahasha ya mwenzake? Nikamwendea khatibu nikamwomba awatangazie watu.

"Kosa ni la nani?" akaniuliza.

"Langu."

"Basi litangaze kwa kinywa chako."

Ijumaa, baada ya sala, nilisimama. Nikasema Bi hana hatia, aliyekuja ni mwingine, na mimi niliyewekwa pale nimtazame sikumtazama, kisha nikaandika uongo. Nikawaomba wamrudishie watoto.

Nje, nilipokuwa nikitafuta viatu vyangu, wanaume wakanizunguka. Nilijitayarisha kwa matusi.

"Hukumtazama hata mara moja?" mmoja akauliza.

"Hata mara moja."

"Mashaallah," akasema, akanipa mkono. "Watu kama wewe wamebaki wachache."

"Bwana, hukunisikia! Nimefanya kosa! Mwanamke mwema ameitwa muuza unga kwa ajili yangu!"

"Twajua, twajua. Lakini heshima ni heshima."

Wakapanga foleni kunipa mkono. Kadiri nilivyopaza sauti, ndivyo walivyonipigapiga bega na kuniambia nisijidhulumu. Nikaondoka na kiatu kimoja changu na kimoja cha mtu mwingine.

Watoto wakarudi, si wote. Jumatatu nilikwenda hadi mlangoni kwa Bi, nikabisha, nikasikia sauti zao ndani zikisoma pamoja. Binti yake akatoka.

"Mama asema amekusamehe, na asema usimkatize, yuko darasani."

"Mwambie ofisi sasa iko sawa. Yuko mwanamke. Aje mwenyewe, tutamleta hata kwa punda."

Akaingia, akarudi.

"Asema pesa zake amezitoa zote. Ataziweka hapa nyumbani, anapopaona."

Mle ndani ya kichwa changu somo zima lilisimama, pamoja na picha zake zote: hatari ya kuweka fedha nyumbani, wizi, moto. Nikafungua kinywa. Kisha nikamwambia binti anisalimie mamake, nikaenda zangu.