Maua ya Babu kwenye Picha ya Wani

Nilipokuwa mtoto, tukiishi mtaa wa Gudele, hakuna kitu kilichonitia kinyaa kama mate ya haboba. Haboba ndivyo tulivyomwita mama yake baba, kama watoto wengi wa Juba wanavyowaita nyanya zao. Kila asubuhi alitafuna ufuta, akakusanya mate, halafu, ptuu, kwenye utosi wa Wani, mdogo wangu aliyekuwa amezaliwa juzijuzi. Akamalizia kwa kumpaka masizi ya sufuria kwenye paji la uso, huku akimtukana: "Mbaya huyu. Sura kama panya. Nani atataka huyu?" Mate yalimtelemka hadi kwenye kope, na punje za ufuta zikabaki zimenata nywelani. Mimi nilikimbilia nje.

Mama hakumzuia. Kabla ya Wani alizaa mtoto mwingine, kila mgeni akamsifu, na mtoto hakumaliza mwezi. Haboba aliposema kwamba huyu asisifiwe wala asipigwe picha mpaka kitovu kianguke, mama alikubali. Yeye alikulia Kenya, alisoma, na alijua vizuri kwamba yule aliyekufa aliuawa na malaria. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ndipo akaja Anti Viola, mdogo wake mama, amerudi kutoka Nairobi na simu mpya. Alimkuta mama amelala na haboba ameenda kununua mkaa. Alipomwona Wani na masizi yake alishika pua.

"Ai! Hii ni nini mmempaka mtoi? Uchafu tupu! Ngoja nimpige picha moja poa, watu wa home wamwone."

Nilimwona kama mkombozi. Akamfuta mtoto kwa vitambaa vyenye maji ya manukato, vikinuka peremende. Akatandika shuka jeupe. Kisha akatafuta cha kupambia, macho yake yakaangukia maua ya plastiki sebuleni, yale yaliyoizunguka picha ya marehemu babu. Aliyapangusa vumbi kwa pindo la sketi, akampangia Wani kuanzia kichwani hadi miguuni. Mtoto alikuwa usingizini. Akamvua fulana, kitovu chake kilichokauka kikaonekana, cheusi, kama ganda la haragwe. Akapiga. Halafu akaichezea picha kwenye simu mpaka Wani akawa mweupe kama unga.

"Cheki vile amekaa malaika," akaniambia.

Niliangalia, na kinyaa kilekile cha asubuhi kikanipanda, ingawa safari hii hapakuwa na mate.

Haboba aliporudi aliyaona maua kabla hajatua mkaa.

"Wewe iko na akili kweli?" Kiswahili chake alikiokotea Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi. "Hii maua ni ya maiti. Mimi nasema, hii picha ikitoka hapa, watu italia huyu mtoto na yeye iko hai. Futa!"

"Nimefuta, mama," akajibu Anti, kidole kikiteleza juu ya kioo.

Mwongo. Alikuwa ameshaituma kwenye kundi la ukoo. Kutoka hapo ikaenda kundi la kanisa, kutoka kanisani ikaenda kusikojulikana, na mtu mmoja, akiona kitoto cheupe kimefumba macho katikati ya maua, akaandika chini yake: Pumzika kwa amani, mtoto Wani. Nani angebisha? Wote walijua mama alishazika mmoja.

Siku chache baadaye, jua la mchana likiwaka, tulisikia mayowe barabarani. Kwetu wanawake huanza kulia mbali, ili wafiwa wajue hawako peke yao. Mama alikuwa anafua. Alisikia jina lake kwenye kilio kile, kisha akasikia jina la Wani. Akaacha nguo majini, akaingia mbio, akamnyakua mtoto na kumtikisa hadi shingo ikawa inayumba.

"Wani! Wani! Wani!"

Wani alikuwa ameshiba maziwa, hakuamka upesi. Nilimwona mama akibandika sikio kwenye kifua kile kidogo, povu la sabuni likimchuruzika mikononi. Kisha mtoto akapasua kilio, na mama akaketi sakafuni kama gunia lililofunguliwa.

Waliingia akina mama wa mitaa ya Gurei na Mangateen, mikeka kwapani, sufuria za kupikia matangani vichwani. Wakamwona Wani anapiga mateke. Nilidhani wataomba msamaha, au watapiga vigelegele. Aliyetangulia alifuta kamasi kwa kiganja, akatoa simu.

"Acha tupige, watu waamini yeye iko hai."

Zikatoka simu zote. Wakamwinamia mama pale sakafuni, wakimkanyaga khanga, na yule wa mbele, kwa kidole kilekile chenye kamasi, akamfunua Wani kope ili macho yaonekane kwenye picha. Hata leo nikikumbuka kidole kile, chakula hakipiti.

Haboba alijipenyeza katikati yao. Akainama, akamtemea Wani usoni mate mengi kuliko siku zote. Kisha akainuka, akatema na kwenye kioo cha simu iliyokuwa karibu.

"Piga sasa."

Hakuna aliyepiga. Na mimi, kwa mara ya kwanza, sikukimbia.

Wani sasa amenipita urefu, na bado hutokea mtu akamsimamisha dukani: "Wewe si ulikufa?" Yeye hucheka. Mama hacheki. Picha ile hurudi mtandaoni kila palipo na vita au mafuriko, na kila mara mtoto yule amepewa jina jingine na kifo kingine, watu chini yake wakimlilia. Mate ya haboba yaliondoka kwa maji siku ileile. Ile picha hakuna aliyeweza kuiosha.

Siamini kwamba masizi huzuia malaria. Mtoto wangu analala ndani ya chandarua. Amezaliwa wiki hii, hapahapa Gudele, na kitovu hakijaanguka. Anti Viola amepiga simu asubuhi.

"Tuma picha basi. Ama mtoto ni mbaya?"

"Mbaya sana, Anti. Sura kama panya."

Nikaizima simu. Ufuta ulikuwa tayari mdomoni. Mate bado yananitia kinyaa, hata yakiwa yangu. Nikamwinamia mwanangu, nikatema.