Panya walioamka wamechelewa, na mzee aliyebebeshwa lawama

Wakuu, nawasalimu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na sitaruka sehemu inayoniaibisha.

Jumatatu ya kwanza ya Agosti 1996 nilikuwa katika maabara moja upande wa Pasiansi, nikisoma karatasi za panya. Kila panya alikuwa na gurudumu lake. Akikimbia, kalamu huchora mstari. Taa zikizimwa huamka na kukimbia. Hivyo ndivyo tulivyoijua saa ya mwili wake.

Panya sita walikuwa wamebadilika. Wiki iliyotangulia tuliwapa dawa ya usingizi mchana, kwa upasuaji mdogo. Tangu wazinduke, walikuwa wakichelewa kuanza kukimbia kwa saa tatu nzima.

Mkuu wa maabara alimpata mkosaji upesi: Mzee Magesa, mtunza panya, aliyevuka ziwa kwa kivuko kila asubuhi kutoka Kamanga kuja kuwasha taa. Kivuko kimechelewa, taa zimechelewa, panya wamechelewa. Sote tulikubali. Mjini kwetu kila kuchelewa kulikuwa na jibu moja, kivuko.

(Mwaka ule watu walikuwa wakipunguzwa kazini. Orodha ilikuwa tayari mezani, ikisubiri sababu.)

Mzee alikana kwa utulivu. Kisha akaniambia:

"Mwanangu, aliyelazwa na dawa atajuaje kumekucha? Waulize wale ambao hawakulazwa."

Nilitabasamu kisomi, nikatia saini ripoti iliyomtupia lawama.

Ijumaa mzee aliachishwa kazi, akakabidhi funguo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, ileile ya siku zote.

Wiki kadhaa baadaye nilifungua droo yenye karatasi za panya wanne ambao hawakupewa dawa. Sikuwahi kuzisoma, kwa kuwa hawakufanyiwa kitu. Chumba kilekile, taa zilezile. Wote walikuwa wamekimbia kwa wakati wao.

Kumbe dawa haikuwalaza tu wale sita. Ilisogeza na saa yao ya ndani.

Tangu hapo, kabla sijamhukumu mtu, nauliza kwanza habari za yule ambaye hakuguswa. Nanyi mliozinduka baada ya upasuaji mkaona jioni kama alfajiri, tuelezeni hapa.

Barua niliyompelekea mkuu ilikuwa fupi:

"Naondoa saini yangu kwenye ripoti ile. Karatasi nne nimeziambatanisha. Mzee Magesa aliwasha taa kwa wakati, naomba arudishwe kazini. Aliyechelewa ni mimi."