Kitanda cha Mchanga Langoni

Habari ya kifo chake ilinikuta Gongoni, barazani pangu, nimekalia tairi la trela na nyundo mkononi. Aliyeileta ni mteja wangu mmoja anayefanya kazi kwenye treni. Alininyooshea mguu nimfungie mkanda uliokatika wa katambuga yake ya tairi, akasema kama mtu anayetaja mvua iliyopita, "Yule Mkuu wenu wa hifadhi, yule wa mchanga, amefariki kwake Tura. Kazikwa jana alasiri." Nyundo ikaacha msumari ikapiga kidole changu. Ninyi wasomaji wa safu yangu hii ya gazeti mlikuta wiki iliyopita mahali pake pamejazwa tangazo la mbegu za tumbaku. Mhariri hakunifukuza. Nilikuwa nimepanda treni kwenda Tura.

Wengi wenu mlimjua, hasa mliowahi kwenda kuangalia wanyama kwa lori la ushirika au kuingia porini kurina asali. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa askari wa hifadhi ile iliyoko kusini mwa mji wetu, na kazi yake ilikuwa kazi mbili zinazogombana ndani ya kofia moja: kuwakamata wanaoingia kwa wizi na kuwalinda wanaoingia kwa heri. Alikuwa Mzaramo, kwa hiyo mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu mababu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani na kupumzika kwao. Tulimwita Mkuu tu. Ukimwambia shikamoo aliitikia marahaba huku akitazama miguu yako, na ukiwa mgeni ungedhani umekanyaga kitu kibaya. Siku ya kwanza alipofika barazani kwangu alizungusha macho kwenye viatu vyangu kabla ya kukaa. "Kijana," akasema, "soli zako zimeisha mbele, nyuma nzima. Kila mara umesimama kama mtu anayetaka kukimbia. Nani anakudai?" Ni kweli mimi watu hunitia haya, lakini hakuna aliyewahi kuisoma haya yangu kwenye mpira wa tairi.

Pale langoni kwake alikuwa na kitu kama kitanda. Mbao nne zilizopigiliwa misumari, ndani mchanga uliochekechwa ukawa laini kama unga, juu paa la nyasi la kuzuia mvua. Kila aliyeingia hifadhini, awe wa gari au wa miguu, alitakiwa kukanyaga mara moja pale, mguu wa kushoto. Askari alichomeka kijiti kando ya unyayo, chenye kikaratasi cha jina na siku ya kutoka. Mtu akichelewa kurudi, askari waliutazama unyayo wake wakaujua, kisha wakaenda kuutafuta porini. Inasimuliwa kwamba kiongozi mmoja kutoka mjini alikataa kushuka garini. "Mimi ni mgeni rasmi," akasema. Mkuu akamjibu kwa adabu zote, "Ndiyo, ndugu. Tatizo ni simba, hawakuletewa barua." Kiongozi akashuka, akakanyaga, na kabla ya kupanda gari aliinama kuangalia kama unyayo wake umetoka vizuri.

Hao wa magari hawakumsumbua. Waliomsumbua ni watu wetu, warina asali, ambao miaka ile walikuwa wakiruhusiwa kuingia kwa kibali wakati wa msimu. Wasomaji wa huku hamhitaji kuelezwa. Udongo wa unyayo wa mtu si mchezo. Adui akiuzoa na kuufunga kwenye kitambaa, mguu wako utavimba ukiwa umelala nyumbani kwako. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, Waislamu wa mjini na Wakristo wa vijijini sawasawa, na hata walioacha kuamini hawakuacha kuangalia walipokanyaga. Sasa aje mtu wa serikali, tena mtani, akwambie acha unyayo wako hapa, tutautunza! Warina asali wakaanza kuzunguka lango. Walipita ubavuni, kwenye korongo, bila kibali na bila unyayo, na kwa sababu hiyo wote wakahesabiwa kuwa majangili, hata yule aliyebeba mzinga na moshi tu.

Mkubwa wa wakataaji hao alikuwa mjomba wangu, mkulima wa Lusu, ambaye akishavuna nyumbani hufuata asali huku kusini. Kabla ya safari yake alikuja nimkatie katambuga mpya. Mwaka ule viatu vya ngozi vilikuwa vimeadimika madukani, na matairi nayo yalikuwa ya kupigania. Tairi likanipungukia. Kisigino cha kiatu cha kushoto nikakiunga kwa kipande kingine, na kwa haraka nikakigeuza, mistari yake ikaelekea nyuma badala ya mbele. Mjomba alikiona. "Huu mguu mmoja unakwenda na mwingine unarudi," akasema. Nikamwomba radhi. "Acha tu. Askari wakiufuata watafika walikotoka." Akacheka, akaniachia kibuyu cha maziwa, akaenda zake, akapita korongoni.

Baada ya siku tisa Mkuu alisimamisha gari mbele ya baraza yangu. Safari hii hakutazama miguu yangu. Aliniambia kwamba mwenzake mjomba amejileta mwenyewe langoni kukiri. Waliingia wawili, wakaachana kila mtu kwenye mizinga yake, wakaahidiana kukutana siku ya tano. Mjomba hakutokea. Mwenzake amemtafuta siku tatu mpaka maji yakamwishia. "Porini mle zimo nyayo za katambuga kama nyayo za mbuzi zizini," Mkuu akasema. "Zote zinafanana kwangu. Zake zikoje?"

Nilijua zilivyo, pengine peke yangu duniani. Kipande kilichobaki cha tairi lile kilikuwa kinaning'inia ukutani nyuma yangu. Lakini nilijua na jambo jingine. Mtaani ilisemwa kwamba mjomba mwaka ule hakubeba moshi tu, alibeba na waya wa mitego. Nikinyamaza, huenda akafia porini. Nikisema, huenda mkono wangu ndio utakaompeleka gerezani, mimi niliyelelewa kwa asali yake. Nikashika kisu, nikakiweka chini. Nikauliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Mkuu, mtamtafuta kama mgeni au kama mhalifu?"

"Sema kwa nguvu, mtani."

Nikarudia. Akafikiri, na jambo hili nampendea mpaka leo, kwamba alifikiri kwanza. "Mtu aliyepotea hana kosa mpaka apatikane," akasema. "Tutamtafuta kama mgeni. Tukimpata, nitasema nilichokiona. Sitaongeza, sitapunguza."

Hakuniahidi zaidi ya hapo, na nadhani angeahidi zaidi nisingemwamini. Nikashusha kile kipande cha tairi, nikamkatia pacha wa kiatu cha kushoto, kisigino nikakigeuza makusudi kama nilivyokuwa nimekigeuza kwa kukosea. Yeye akasubiri juu ya kigoda akinipigia mluzi wa kuniharakisha. Nilipomaliza alikigandamiza kwenye vumbi la baraza, akaona mistari inayokwenda na mistari inayorudi, akapiga paja lake. "Fundi mbaya wewe!" akasema. "Mungu akuweke."

Walimpata siku ya pili, mchana. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye mti wa mninga wakati wa kushusha mzinga, mguu wa kulia umevunjika, akajikokota mpaka kwenye kidimbwi cha matope na kukaa hapo akilamba asali na kunywa maji kwa jani. Midomo ilikuwa imepasuka, lakini maneno hayakuwa yamemwisha. Askari mmoja amenisimulia walivyokutana. Mkuu alisimama juu yake, ile katambuga moja mkononi, akasema, "Hodi, Mnyamwezi." Mjomba akafumbua macho. "Mwenda pole hajikwai," akajibu, "ndiyo maana mmechelewa." Mkuu akasema, "Wewe hukujikwaa, wewe ulipanda." Kisha wakakata miti wakamtengenezea machela, na Mkuu, mtu mzima mwenye nyota begani, akashika mti wa mbele. Njia nzima alikuwa akipiga kelele ili askari wake wasikie: "Shuhudieni jamani! Mababu zao walikuja pwani kwetu wakibeba mizigo. Leo Mzaramo kambeba Mnyamwezi, na Mnyamwezi mwenyewe mzito kuliko pembe ya ndovu!" Mjomba huko juu akijibu kwamba hamali anayesema sana ndiye anayechelewa kufika kambini.

Lakini katika kikapu cha mjomba kulikuwa na kitanzi kimoja cha waya. Mkuu alikiona, akakitia mfukoni. Alingoja mpaka mfupa ulipounga, akaenda hospitalini na karatasi. "Pole na mguu, mtani," akasema. "Sasa tuzungumze juu ya mlango uliopitia." Mbele ya hakimu alisema aliyoyaona: ameingia bila kibali, alikuwa na waya, waya ulikuwa haujatumika, na pale alipoangukia palikuwa na asali bila kipande cha nyama. Hakimu akamzuia mjomba kukanyaga hifadhi mpaka msimu wa pili wa asali upite. Nilipomtembelea, mjomba hakungoja nikae. "Umeniuza," akasema. Akaongeza, "Lakini umeniuza mzima. Maiti isingepata bei." Akanisukumia bakuli nile.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nimwandikie mtu huyu safu nzima. Siku ile ya hospitali, Mkuu alipomaliza habari ya karatasi, alimuuliza mjomba kwa nini anauogopa mchanga. Hakuuliza kwa kejeli. Utani alikuwa ameuacha mlangoni. Mjomba akamwambia, "Unyayo ni wangu. Wewe unauchukua, hurudishi. Hujui nani anakuja usiku kuuzoa." Mkuu hakusema kwamba huo ni ujinga, wala hakusema kwamba ni kweli. Alitikisa kichwa, akaenda. Msimu uliofuata tukasikia kuna mambo mawili mapya pale langoni. Kwanza, askari wa zamu analala kando ya kile kitanda cha mchanga. Pili, kuna ufagio mdogo wa chelewa, na kila anayetoka anaushika mwenyewe na kuufuta unyayo wake kwa mkono wake, askari akishuhudia. Unaingia unaacha, unatoka unafuta. Basi. Warina asali wakaanza kupita langoni, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi, na adhabu ya mjomba ilipokwisha naye akaja akaweka mguu wake wa kushoto mchangani kama bwana harusi.

Siku hizi tuna vikao vingi vya kuwaelimisha wananchi, na mimi sivipingi, kuna ninayojifunza. Lakini mara nyingi nimeona bwana mkubwa akisimama mbele ya watu wanaokwepa amri, akaikariri amri ileile kwa sauti kubwa zaidi. Mkuu alikuwa na bunduki, pingu na gari, na korongo lile angeweza kuliziba kwa miiba. Alichofanya ni kununua ufagio. Mji wetu huu umejengwa na watu waliotembea kwa miguu kutoka pande zote, na labda ndiyo maana tunajua thamani ya unyayo kuliko watu wa miji ya magari. Yeye aliijua kuliko sisi.

Tulifika Tura, mjomba na mimi, siku ya tatu ya matanga. Mjomba huchechemea, na kutoka stesheni hadi nyumbani kwa marehemu alisimama mara mbili kupumua. Lakini alipofika mlangoni akapaza sauti ya mtani: "Wako wapi wenyewe? Mtu wenu ameondoka bila kufuta unyayo! Sheria yake mwenyewe!" Watu waliokuwa wameinamisha vichwa wakainua, mmoja akacheka, kisha kila mtu akacheka, hata mjane, mwanamke wa hapohapo Tura, akicheka na kujifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mtani umechelewa," akasema. "Angekuwa hai angekuandika." Akaingia ndani akatoka na kitu amekishika kwa mikono miwili. Ilikuwa ile katambuga yangu ya kushoto, pacha, kisigino kimegeuka. Alisema marehemu aliitundika juu ya kitanda chake tangu alipostaafu, na kila mgeni alionyeshwa na kuambiwa, "Huyu nilimbeba."

Mjomba aliivaa. Tukaenda makaburini, tukasoma dua. Kando ya kaburi palikuwa na udongo mwekundu uliobaki, laini, haujakauka. Mjomba akaniegemea begani, akainua mguu wa kushoto, akaukanyagisha pale kwa uzito wake wote, kisha akautoa polepole ili kingo zisibomoke. Mistari ya mbele ilikwenda, mistari ya kisigino ikarudi. Kijana mmoja wa pale, akidhani anasaidia, akaokota tawi apasawazishe. Mjomba akamshika mkono.

"Huo uache," akasema. "Huo ni wake."